Karabai na Nyumba Iliyofungwa

Huku kwetu Nyasura, mjini Bunda, ni nadra nyumba kuachwa tupu. Baba akienda Mwanza kikazi na mama akishinda sokoni, utamkuta bibi barazani anachambua dagaa, au binti wa shangazi aliyekuja hospitali akanogewa akakaa, au kijana wa mbuzi. Paka wa mtaa huu hajui kuachwa, maana haijatokea siku wanaomlisha wakaondoka wote. Anaingia atakavyo, anatoka atakavyo, na jioni hakosi mtu wa kumtupia kichwa cha sato. Yaliyotufika sisi yalitokana na safari moja iliyotuzoa sote, kuanzia bibi hadi mtoto wa chekechea.

Mdogo wake bibi alifariki Ukerewe. Bibi ni Mkerewe aliyeolewa ng'ambo hii kwa Wajita, na huyo ndiye ndugu yake wa mwisho wa tumbo moja. Hapakuwa na la kujadili: mazishini tutakwenda sote, tutalala usiku mmoja, kesho yake jioni tutavuka kurudi. Mbuzi walipelekwa kwa mjomba. Kuku waliachiwa jirani. Ikabaki kesi ya Karabai, paka wetu, na kesi hiyo ilichukua muda kuliko mbuzi na kuku kwa pamoja.

Karabai aliletwa na mfanyabiashara wa dagaa kutoka mwaloni Guta, kitoto kilicholala juu ya gunia kana kwamba gunia ni lake. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwa zimewashwa majini ili wakusanyike. Zamani taa hizo zilikuwa karabai zenyewe, siku hizi wengi wana balbu za betri na sola. Mbalamwezi ikitanda mitumbwi hupumzika na bei ya dagaa hupanda, jambo ambalo kila mama wa Bunda analijua bila kutazama kalenda. Kile kitoto cha paka kilikuwa na macho yaliyowaka gizani jikoni, na bibi akakipa jina hapohapo. Alikuwa jike, rangi ya mchanga mkavu, na mistari hafifu miguuni. Bibi alisema amefanana na paka pori ambao watu hukutana nao kule upande wa Ndabaka, kwenye lango la Serengeti. Hakukosea sana, kwa kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori wa jamii hiyohiyo. Wataalamu wa vinasaba waliochapisha utafiti wao mwaka 2007 walihitimisha kwamba chimbuko lao ni wale wa Mashariki ya Karibu. Huko Cyprus limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake yapata miaka 9,500 iliyopita. Kilichowakutanisha binadamu na paka ni ghala: nafaka ilileta panya, panya wakamleta paka.

Kwetu ilikuwa hivyohivyo. Kabla ya Karabai, bibi alikuwa akishona magunia ya mahindi usiku kwa taa ya simu, panya wakiyatoboa upande wa pili. Karabai alipokua, kushona kukaisha. Ndiyo maana bibi hakuwa tayari kusikia neno "ni paka tu".

Tatizo lilikuwa nyumba. Ile ya zamani ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna, na kati ya ukuta na bati palikuwa na upenyo unaopitisha kiganja. Karabai alipita hapo usiku na mchana. Kisha kaka akajenga. Akaweka silingi bodi vyumba vyote, madirisha ya alumini, nyavu za mbu, na grili za nondo nje. Nyumba ilipendeza, na malaria ilipungua kwa watoto, hilo nalishuhudia. Lakini tangu siku ile paka alianza kuishi kwa kufunguliwa mlango. Mtu yupo, mlango unafunguliwa. Wote tukiondoka, hana pa kutokea.

Mama alitaka aachwe nje. Mama Vitumbua, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, angemlisha pamoja na kuku. Kaka akakataa, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Majira yale mbwa wa kuzurura walikuwa wengi karibu na barabara kuu, na Karabai alikuwa bado hajachanjwa. Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa. Paka akiumwa hubeba ugonjwa uleule mpaka kitandani kwa mtoto, na mtu akishaonyesha dalili zake kupona ni muujiza. Mkoa wetu unaijua habari ya magonjwa ya mbwa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wao, distempa, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na tangu miaka hiyo vijiji vinavyopakana na hifadhi vimezoea kuona watu wa chanjo wakipita na maboksi ya barafu. Kaka alisema hataki paka aumwe na mbwa kichaa siku ambayo hakuna mtu mzima nyumbani wa kuona.

Shemeji akashauri tumbebe kwenye kikapu. Bibi akatikisa kichwa. Msibani huendi na mnyama anayelia, tena kwenye kivuko, tena kwa watu ambao wataanza kuuliza paka huyo kaja na nani na kwa nini.

Basi akaachwa ndani. Beseni la mchanga likawekwa bafuni, bakuli la maji jikoni, na sahani ya ugali uliopondwa na dagaa wengi kuliko ugali wenyewe. Milango ya vyumba ikaachwa wazi ili apate pa kuzunguka. Mama Vitumbua alipewa ufunguo wa geti. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja, kwa sababu kufuli la mlango wa grili lilikuwa jipya na nakala haijachongwa. Ukaingia mfukoni mwa kaka, ukavuka ziwa.

Gari la mchomoko tulilopanda lilitufikisha Kisorya mapema. Kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe, hakichukui muda mrefu, maji yenyewe si mapana pale. Tulizika siku ileile. Jioni Mama Vitumbua akapiga simu kutoa taarifa ya kuku, kisha akasema, "Mama, shikamoo, nimechungulia dirisha la jikoni. Sahani iko vilevile. Paka simwoni." Bibi akamjibu kwamba paka mchana hulala, na ni kweli, paka hulala zaidi ya nusu ya siku, shughuli zake ni alfajiri na magharibi. Lakini niliona bibi baada ya hapo hakula. Watu walidhani ni kwa ajili ya marehemu, na bila shaka ilikuwa hivyo, ila mara mbili alinivuta kando kuniuliza kama simu ina chaji.

Kesho yake jioni tulifika Rugezi na kukuta umati. Watu wa msiba wetu, watu wa msiba mwingine, wafanyabiashara wa machungwa, pikipiki, lori. Watu walikuwa wakisukumana kuingia. Mama alisimama, akatazama, akaketi juu ya begi lake. Tangu tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara, wilaya hiyohiyo ya Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 220, mama hapandi chombo anachokiona kimejaa. Alikuwa na watu aliowafahamu katika MV Nyerere. Kaka alijaribu kumweleza kwamba siku hizi wanahesabu abiria, kwamba hawaruhusiwi kuzidi. Mama akasema, "Mwanangu, nendeni. Mimi nitavuka asubuhi." Hakuna mtu anayemwacha mama yake gatini usiku. Tukarudi kulala tulikotoka, wote, na usiku mmoja wa Karabai ukawa miwili.

Simu ililia watu wakiwa wameshaanza kulala. Alikuwa Mama Vitumbua, na nyuma yake zilisikika sauti nyingi. "Huku ndani ya nyumba yenu kunalia," akasema. "Kunalia kama mtoto."

Nieleze hali ilivyokuwa pale mtaani, kama tulivyosimuliwa baadaye na watu waliokuwapo. Kilio kilianza wakati wa magharibi, kikanyamaza, kikarudi giza lilipoingia. Kilikuwa hakitoki dirisha fulani. Ukisimama upande wa barabara unakisikia upande wa choo, ukizunguka choo unakisikia barabarani. Nyumba imefungwa, taa zimezimwa, wenyewe wako msibani kisiwani. Walipokusanyika watu kumi hivi, mmoja akasema lile neno ambalo lilikuwa likisubiri kusemwa: hicho si kitu cha kawaida, hayo ni mambo ya usiku, na familia hii imetoka kuzika. Neno kama hilo huku Kanda ya Ziwa si la kupita hivihivi. Likishikamana na jina la mwanamke mzee huweza kumfuata mpaka kaburini, na mwanamke mzee wa nyumba ile ni bibi yetu.

Mama Vitumbua aliwakatiza. Ni mtu mpole, sauti yake huisikii hata akiita wateja, lakini usiku ule aliwaambia wazi kwamba huyo ni paka, anamjua, anamlisha utumbo wa samaki kila Ijumaa. Kisha akawakumbusha habari ambayo kila mtoto wa madrasa ameisikia: Mtume alisimulia juu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. "Wenyewe wamemwekea chakula," akasema. "Lakini hajala. Maana yake hakifikii. Sasa sisi tunaosikia ndio tunaoulizwa." Alikuwa akiongea na watu ambao wengi ni Wakristo, na hakuna aliyembishia.

Akamwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akaja na mgambo wawili, akaipigia simu familia, akataka iwekwe spika pande zote mbili. Nyumba ya watu haifunguliwi kwa huruma tu. Kikipotea kitu kesho, huruma hiyo itaitwa jina jingine. Akauliza mwenye nyumba anaruhusu kufuli likatwe? Kaka akasema anaruhusu. Akauliza tena, ili mashahidi wasikie. Kaka akarudia, safari hii kwa kutaja jina lake kamili. Fundi wa kuchomelea aliamshwa, akaja na grenda na waya mrefu, wakachukua umeme kwa Mama Vitumbua. Kule Ukerewe tulikuwa tumelizunguka godoro lenye simu katikati, watu wazima na watoto, tukisikiliza chuma kikikatwa.

Kufuli lilipoanguka, kilio kilikoma.

Wakapekua. Chini ya vitanda, nyuma ya friji, ndani ya kabati, ndani ya mashine ya kufulia. Mwenyekiti alikuwa akitangaza kila chumba kwa sauti, "Tuko chumba cha watoto, hayupo. Tunatoka, tunafunga mlango." Sahani ya ugali ilikuwa imekauka, haijaguswa. Maji yalikuwa yamejaa. Mchanga wa beseni ulikuwa laini, hauna alama. Bibi aliposikia habari ya mchanga alishika tama. Alikuwa ameelewa kwamba Karabai hakukaa humo ndani hata saa chache baada ya sisi kuondoka.

Aliyegundua ni fundi. Aliingia stoo ya mahindi, akamulika magunia kuanzia chini kwenda juu. Gunia la juu kabisa lilikuwa na mchaniko mpya, nyuzi zimevutwa, na punje zilikuwa bado zikidondoka moja moja hadi sakafuni. Juu ya gunia lile, darini, palikuwa na kifuniko cha plaiwudi, cha mraba, kimekaa upande kidogo. Ni tundu alilolikata fundi umeme ili apitishe nyaya, akalifunika kwa kipande kisicho na komeo. Kaka alipoelezwa kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Panya walikuwa wamehamia juu."

Ndivyo ilivyokuwa. Karabai alifuata kazi yake. Alipanda magunia, akasukuma kifuniko kwa kichwa, akapenya, na kifuniko kikarudi mahali pake. Kukisukuma kutoka chini kunawezekana. Ukiwa juu, umekikanyaga, hakifunguki. Hapo akabaki, kati ya silingi bodi na bati. Nani asiyejua bati la Bunda saa nane mchana? Ukiweka mkono unauondoa. Huko ndiko alikoshinda mchana kutwa, bila tone la maji, huku chakula chake kikikauka futi chache chini yake. Paka huvumilia kiu kuliko mbwa, ni urithi wa wale wazazi wake wa nchi kavu, na figo zake hubana maji sana. Lakini kuvumilia kuna kikomo, na joto la bati halikuwa sehemu ya urithi ule.

Fundi alipanda akainua kifuniko, akaingiza taa. Akaona macho mawili mbali, kwenye pembe ya mwisho, nyuma ya kenchi. Alipoita, macho yakazimika. Ule mlio wa grenda ulikuwa umemtisha kuliko kifungo chenyewe. Mgambo mmoja akataka kupanda amfuate. Silingi bodi haibebi mtu, angeanguka nayo sebuleni.

Hapo tena ni Mama Vitumbua. Aliwaomba wote watoke nje, hata mwenyekiti, mlango wa nyuma uachwe wazi na taa zizimwe. Akaenda kwake akakaanga dagaa wachache kwa mafuta, ili harufu ipande. Akaweka kisahani na bakuli la maji juu ya gunia, chini ya tundu lililo wazi, akaketi sakafuni na khanga yake akisoma anayoyajua kwa sauti ndogo. Simu alikuwa ameiweka mapajani. Kule kwetu watoto walilala mmoja mmoja. Bibi hakulala. Ilipita saa moja, ikapita nyingine, tukawa tunasikia pumzi ya mwanamke yule na mbwa wakibweka mbali. Halafu tukasikia maji yakilambwa. Mama Vitumbua hakusema lolote mpaka kulamba kulipokwisha. Kisha akanong'ona kwenye simu, "Mama, amekunywa yote."

Bibi alilia kwa sauti, na waombolezaji wa chumba cha pili wakaamka kuja kumfariji kwa ndugu yake. Aliwapokea. Nadhani vilio vyote viwili vilikuwa vimefika pamoja.

Tulivuka asubuhi, kivuko kikiwa na nafasi. Tulipofika Nyasura bibi hakutazama kufuli lililokatwa wala nyayo za watu sebuleni. Alienda moja kwa moja jikoni kwa Mama Vitumbua, kwenye banda la mabati ambako Karabai alikuwa amejilaza nyuma ya ndoo ya ngano. Alikuwa akitetemeka, na pua imekauka. Bibi akaomba panadoli, nusu kidonge, akisagie kwenye maziwa. Bahati afisa mifugo wa kata alikuwa ameshaitwa na mwenyekiti na alikuwa anaegesha pikipiki. Alikipokea kile kidonge mkononi mwa bibi kwa heshima kabisa. Panadoli inaua paka, alisema. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la binadamu, na hata kiasi kidogo huharibu damu. Maziwa ya ng'ombe nayo mengi yatamwendesha, paka mkubwa hayamudu. Maji kidogo kidogo, supu ya samaki isiyo na chumvi, kivuli. Na ale leo hiihii, kwa sababu paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa mnene, mafuta humvamia ini na anaweza kufa wakati chakula kiko mbele yake. Bibi alisikiliza kila neno. Siku chache baadaye, Karabai alipopata nguvu, afisa yule alirudi kumchoma chanjo ya kichaa, na kaka alilipa kabla hajaambiwa bei.

Lakini nyumbani hakurudi. Alikuja hadi barazani, akanusa kizingiti, akageuka. Bibi alimwita kwa kugonga sahani, akamwita kwa dagaa, Karabai akala barazani na kurudi kwenye ndoo ya ngano. Panya wa darini walikuwa wanasikika wakikimbia usiku. Bibi akamwambia kaka, "Baba, nyumba yako ni nzuri. Mfungulie mlango wake."

Kaka alibisha juu ya mbu, akabisha juu ya nyoka, na nyoka si hoja ya utani huku kwenye mawe ya Balili. Fundi ndiye aliyewapatanisha. Alikata tundu la mraba chini ya mlango wa jikoni, akazungusha fremu ya chuma, akaning'iniza vipande viwili vya tyubu ya lori vinavyopishana, vizito kiasi cha kurudi vyenyewe. Usiku vinafungwa kwa komeo kama watu wapo, wakisafiri vinaachwa. Tundu la darini nalo likapata makomeo mawili. Karabai aliukagua mpira ule siku kadhaa, akiugusa kwa mkono mmoja na kurudi nyuma. Siku aliyopita, alipita akiwa na panya mdomoni.

Ufunguo wa pili ulichongwa Bunda mjini. Kaka alipompelekea Mama Vitumbua, mama yule alikataa kuupokea mlangoni. Alitaka mwenyekiti awepo. Mwenyekiti akaja na daftari lake, akaandika tarehe, jina la anayetoa, jina la anayepokea, "ufunguo mmoja wa nyumba, kwa ajili ya kumwangalia paka mmoja wa kike", wakatia sahihi. Bibi, ambaye hakusoma sana, aliomba asomewe, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba mwenyekiti aongeze mstari mmoja: kwamba mwenye ufunguo huo anaruhusiwa kuingia saa yoyote, hata usiku wa manane, bila kumpigia mtu simu kwanza.